Uzito Unapogoma Kushuka: Ushauri kwa Wakazi wa Mitwero na Pwani ya Lindi

Swali linalorudiwa mara nyingi na wasomaji wa Mitwero, Lindi mjini na Kilwa linahusu mtu aliyeacha soda na chapati, akaanza kutembea kila asubuhi, akapungua kilo saba au nane katika miezi michache, kisha akaona mizani imesimama pale pale ingawa hajarudia ulaji wake wa zamani. Mtu huyo huambiwa na majirani kuwa mwili wake umekataa, naye kwa kukata tamaa ama hurudia alikotoka ama hujinyima chakula mpaka akazidiwa. Njia zote mbili ni mbaya. Kinachofaa ni kupima upya kabla ya kukata chochote, halafu kuanza kupekua tui, sukari na mafuta, badala ya kukimbilia kuutupa ugali.

Jambo hili haliwahusu watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015–16 ulionesha kuwa wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, hali zinazoongeza hatari ya shinikizo la juu la damu na kisukari. Wengi wao wakianza kupungua hufika mahali pa kukwama, na ni vyema wakajua mapema kwamba kukwama huko ni jambo la kawaida.

Kwanza ithibitike kuwa uzito umekwama kweli

Uzito wa mtu unaweza kupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili kati ya siku moja na nyingine bila mafuta ya mwili kubadilika hata kidogo, kwa sababu maji, chumvi, choo na chakula kilichomo tumboni vyote hupimwa pamoja naye. Aliyekula ng'onda au papa mkavu jana usiku ataamka na uzito zaidi, kwa kuwa chumvi huzuia maji mwilini. Mwanamke anayekaribia siku zake za hedhi huweza kuona ongezeko kama hilo, nalo huondoka lenyewe. Kwa hiyo wiki mbili za mizani kusimama hazitoshi kuitwa mkwamo. Mkwamo uhesabiwe baada ya wiki nne au zaidi, na upimaji ufuate masharti haya:

- Mizani iwe ile ile kila mara. Mizani ya zahanati na mizani ya duka la dawa zinaweza kutofautiana kwa kilo nzima.
- Mtu apimwe asubuhi, baada ya haja na kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi zinazofanana na za mara iliyopita.
- Asiye na mizani nyumbani achague siku moja ya wiki na saa moja, aende zahanati hiyo hiyo, na aandike tarakimu kwenye daftari badala ya kuitegemea kumbukumbu.
- Kiuno kipimwe pia kwa futi kamba ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi kwa kawaida.

Kipimo hicho cha mwisho hupuuzwa sana, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu anayefanya kazi za nguvu anaweza kupunguza mafuta ya tumbo huku misuli yake ikiongezeka, hivyo kiuno kikapungua sentimita mbili ilhali mizani haikutikisika. Huyo hajakwama. Kwa mwanamke, kiuno cha sentimita 80 na kuendelea, na kwa mwanamume sentimita 94 na kuendelea, huonesha kuwa hatari ya maradhi imeanza kupanda. Wanaovuka 88 na 102 hatari yao ni kubwa zaidi.

Msomaji akumbuke vilevile kwamba kilo za wiki za mwanzo hazikuwa mafuta peke yake. Mwili huhifadhi akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji; mtu anapopunguza chakula, akiba na maji yake hutoka haraka, na mizani hushuka kwa kasi ambayo haiwezi kuendelea. Anayeilinganisha wiki yake ya kumi na wiki yake ya kwanza anajidhulumu.

Kwa nini hutokea

Kalori ni kipimo cha nishati inayotoka katika chakula na inayotumiwa na mwili. Mwili uliopungua ni mdogo, na mwili mdogo hutumia kalori chache zaidi kwa kupumua, kusukuma damu na kutembea. Watafiti wa Marekani, akiwemo Kevin Hall, walikadiria mwaka 2016 kwamba kwa kila kilo inayopotea, matumizi ya nishati hupungua kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, ilhali hamu ya kula huongezeka kwa kalori 100 hivi kwa siku. Kwa hiyo aliyepungua kilo 8 anatumia kalori 160 hadi 240 pungufu kila siku, na wakati huo huo njaa inamsukuma ale zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko hicho. Sahani iliyomfaa alipokuwa na kilo 88 humtosheleza kabisa, bila pengo lolote, anapofika kilo 80. Mwili wake haujamkataa, ila umelingana na sahani yake.

Tarakimu hizo mbili zina somo la kiutendaji: njaa ndiyo adui mkubwa kuliko mwili kupunguza matumizi, hivyo mpango wowote unaoongeza njaa hautadumu.

Mahali pa kupekua kwanza: nazi, sukari, mafuta na korosho

Wengi wa pwani wakiambiwa wapunguze chakula huanza na ugali wa muhogo au wali, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana vingi siniani. Hata hivyo, gramu moja ya mafuta ina kalori 9 na gramu moja ya wanga ina 4, na katika mapishi ya Lindi na Kilwa mafuta mengi hayaonekani kwa sababu yamo ndani ya tui. Nyama ya nazi moja iliyokomaa, ya ukubwa wa wastani, ina zaidi ya kalori 1,000. Sehemu hubaki katika machicha, lakini tui la kwanza, lile zito, hubeba nyingi. Mlo mmoja wa kawaida unaweza kuwa na wali wa nazi, samaki wa nazi na kisamvu cha nazi, yaani nazi mara tatu kwenye sahani moja, na mlaji akaapa kwa dhati kuwa hakula mafuta siku hiyo.

Hapana haja ya kuiacha nazi. Kumwambia mtu wa Mitwero aache nazi ni kumpa ushauri ambao hataufuata kwa wiki mbili, na hakuna sababu ya kiafya ya kufika huko. Inatosha kufuata utaratibu huu:

1. Katika kila mlo, chakula kimoja tu kiungwe kwa nazi. Wali ukiwa wa nazi, samaki awe wa kuchoma au wa mchuzi wa nyanya na ndimu. Kisamvu kikiwa cha nazi, wali uwe mweupe.
2. Kwa mboga na maharage litumike tui la pili na la tatu, na tui la kwanza liwekwe kwa ajili ya siku ya wageni au sikukuu.
3. Familia inayotumia nazi mbili kwa chungu ijaribu moja na nusu, kisha moja. Ladha huzoeleka baada ya muda mfupi, hasa bizari, tangawizi na kitunguu thomu vikiongezwa.

Mafuta ya kupikia nayo yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye chupa. Kijiko kimoja kikubwa cha chakula kina kalori 120 hivi, hivyo vijiko viwili vinafikia pengo lote la aliyepungua kilo nane. Samaki wa kukaanga akigeuzwa kuwa wa kuchoma au wa kuchemsha kwa ndimu na chumvi kidogo, tofauti huonekana bila samaki mwenyewe kupunguzwa.

Sukari huhesabiwa kwa urahisi zaidi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi, lakini watu wengi hukijaza mpaka kikafanya kilima, na gramu zake zikakaribia mara mbili. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja na vijiko vitatu vya kusawazishwa, ameingiza gramu 36, ambazo ni takriban kalori 145, karibu sawa na chupa ya soda aliyoiacha kwa tabu. Apunguze nusu kijiko kila wiki. Akipunguza kwa ghafla atarudi nyuma. Vitumbua na maandazi ya asubuhi yahesabiwe pamoja, maana hubeba sukari na mafuta kwa mkupuo mmoja. Maji ya dafu hayana tatizo kubwa, kwani dafu moja lina kalori 60 hivi. Juisi ya ukwaju au embe iliyotiwa sukari ni jambo jingine kabisa.

Korosho inastahili maelezo yake. Ni chakula bora, chenye protini na mafuta yenye manufaa, na katika mkoa huu pia ni riziki; lakini konzi moja ya gramu 30 ina kalori 165 au zaidi kidogo. Katika msimu wa mavuno, familia zinazobangua korosho nyumbani huonja punje moja moja tangu asubuhi hadi jioni, na hakuna anayehesabu anachokula akiwa kazini. Dawa yake ni kutenga konzi moja kwenye kibakuli kila siku na kuila kama chakula, kisha mikono ifanye kazi bila kwenda kinywani.

"Lakini ninakula mara moja tu kwa siku"

Pingamizi hili hutolewa na watu wakweli, nao wanastahili jibu lenye heshima. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha uchunguzi wa watu wanene waliodai kuwa hawapungui ingawa wanakula kidogo sana. Watu hao waliandika kuwa wanakula kalori 1,000 hivi kwa siku, lakini vipimo vya kimaabara vya matumizi ya nishati vilionesha kuwa walikuwa wanakula karibu 2,000. Miili yao ilikuwa inachoma nishati kwa kiwango cha kawaida. Hapakuwa na ushahidi kwamba walikusudia kudanganya. Binadamu husahau alichoonja akipika, alichomalizia kwenye sahani ya mtoto na alichokula msibani.

Kula kwenye sinia huongeza ugumu, kwa sababu mlaji haoni sehemu yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Kwa wiki moja tu, anayetaka kujua ukweli ajipakulie sahani yake mwenyewe, aiandike mara baada ya kula, kisha arudi siniani na wenzake akiwa anajua kiasi chake. Aandike kwa vipimo vya nyumbani: upawa, kikombe, kijiko, kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja.

Utaratibu wa wiki nane

Mabadiliko yafanywe moja baada ya jingine, ili ijulikane lipi limezaa matunda.

1. Wiki ya 1: pasibadilishwe kitu. Uzito na kiuno vipimwe, na kila kinacholiwa kiandikwe.
2. Wiki ya 2 na ya 3: kanuni za tui, mafuta na sukari zilizotajwa zianze.
3. Wiki ya 4 na ya 5: protini iongezwe katika kila mlo. Protini ni kirutubishi kinachojenga misuli na kushibisha kwa muda mrefu, na pwani hii haina uhaba nayo: dagaa, changu, pweza, kunde, mbaazi na choroko. Sahani ianze na mboga na samaki, halafu wali au ugali ujaze robo ya sahani badala ya nusu.
4. Wiki ya 6 hadi ya 8: mazoezi ya nguvu yaanze mara mbili kwa wiki, na matembezi yaongezwe.

Baada ya wiki ya nane, wastani wa vipimo vinne vya mwisho ulinganishwe na wa mwanzo. Kupungua nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri sana, na hata kilo moja kwa mwezi kwa aliyekwishapungua ni mafanikio.

Kazi za shamba na pwani hazitoshi?

Mama anayepalilia mikorosho, au anayeshuka maji yakipwa kuchokoa pweza, huuliza kwa haki kwa nini aambiwe afanye mazoezi. Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza inatoka hapa hapa nchini: mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, ambao huwinda na kuchimba mizizi kila siku, wakakuta kwamba, ukubwa wa mwili ukizingatiwa, jumla ya nishati wanayotumia kwa siku haitofautiani na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa maofisini. Mwili uliozoea kazi hubana matumizi mahali pengine. Kwa hiyo kazi nyingi ni kinga kubwa ya moyo na mishipa, lakini haiwezi kufidia tui la nazi mbili.

Sehemu ya pili ni kwamba kazi hizi hazina mtiririko sawa. Pweza huchokolewa wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa yanayokupwa mbali. Siku za maji mafu mtu hukaa. Palizi hukoma, korosho huisha kuokotwa, ufuta huvunwa na kumalizika, lakini kiasi cha chakula hubaki kile cha siku za kazi nzito. Anayejua kalenda yake ajaze mapengo hayo kwa kutembea haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, jumla inayofikia dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mchanga mgumu wa pwani maji yakiwa yamekupwa ni uwanja wa bure.

Mazoezi ya nguvu hulinda misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Hayahitaji ukumbi: kukaa na kuinuka kwenye kiti mara 10 hadi 15, kujisukuma kwa mikono ukutani, kupanda ngazi ya baraza kwa mguu mmoja mmoja, na kuinua madumu madogo ya maji, kila zoezi kwa mizunguko mitatu. Mwenye maumivu ya goti aanze na kiti kirefu.

Mwezi wa Ramadhani

Wengi hutarajia kuwa mfungo utauvunja mkwamo, kisha hushangaa kuona uzito umepanda baada ya Idi. Futari ya mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati na uji mtamu, ikifuatwa na chakula cha usiku na daku, inaweza kuzidi milo mitatu ya siku ya kawaida. Katika mwezi huo lengo liwe kuushikilia uzito tu. Mtu afungue kwa tende na maji, aswali magharibi, ndipo ale, maana kipindi hicho kifupi hupunguza pupa. Kitamu kiwe kimoja kwa jioni, na daku liwe na kunde, samaki au mayai badala ya chai na mkate pekee.

Makosa ya kuepuka

- Kushinda na njaa siku tatu kisha kula bila kipimo siku ya nne.
- Kunywa chai na dawa za kupunguza tumbo zinazouzwa mitaani. Nyingi huharisha tu, na kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, si mafuta.
- Kujifunga nailoni kiunoni ili kutoa jasho, jambo linaloweza kumwangusha mtu kwa joto la Lindi.
- Kupima uzito mara tatu kwa siku na kubadili mpango kila mizani inapopanda.

Wanaopaswa kuonana na mganga kwanza

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi asipunguze chakula kabla ya kuzungumza na daktari, kwa sababu dozi ile ile pamoja na chakula kidogo inaweza kushusha sukari ya damu hadi kumzimisha. Mjamzito na anayenyonyesha wasiingie katika mpango huu bila mwongozo. Baadhi ya dawa huweza kuongeza uzito: predinisoloni, sindano ya uzazi wa mpango, baadhi ya dawa za msongo wa akili, na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye dolutegravir. Hakuna dawa yoyote kati ya hizo inayopaswa kuachwa kwa ajili ya uzito. Jambo lipelekwe kwa aliyeiandika. Mwenye miguu inayovimba, anayehisi baridi na uchovu usio wa kawaida, au aliyeongezeka kilo kadhaa kwa siku chache, aende kituo cha afya, naye akielekezwa Hospitali ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi asichelewe.

Je, inawezekana hapa ndipo pa kutua?

Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa mwanzo, yaani kilo 4.5 hadi 9 kwa aliyekuwa na kilo 90, huboresha shinikizo la damu na sukari kwa kiasi kinachopimika hospitalini, hata kama mtu bado ni mnene. Aliyefika hapo na vipimo vyake vikawa vizuri hana deni kwa mizani. Anaweza kuamua kuushikilia uzito huo kwa miezi miwili au mitatu, akila kwa kiasi kinachomtosha bila kuongeza wala kupunguza, na uamuzi huo ni halali kabisa; kushikilia ni kazi ngumu kuliko kushuka, na wengi hushindwa kwa sababu hawakuwahi kuipangia muda.

Kuna pia mzigo wa kijamii ambao hauonekani kwenye mizani. Pwani hii mwili uliojaa bado huchukuliwa kuwa dalili ya kutunzwa vyema, na mwanamke anayepungua huulizwa na mawifi kama anaumwa au kama nyumbani hakuna amani. Maneno hayo yamewarudisha wengi kwenye vitumbua kuliko njaa ilivyowarudisha. Inasaidia kumweleza mapema mume, mama mkwe au yeyote anayepika kwamba daktari ameshauri kupunguza uzito kwa ajili ya presha, ili chungu kibadilike kwa nyumba nzima badala ya mmoja kupikiwa chake pembeni. Baada ya miezi hiyo ya kushikilia, anayetaka kuendelea arudie wiki ya kwanza ya utaratibu uliotajwa, daftari likiwa jipya na hesabu ikifanywa kwa uzito alionao sasa.